Nimeiva au Bado

Machi 3

Wifi kanipa daftari hili. Kalijalidi mwenyewe kwa kipande cha kitambaa cha sare za shule kilichobaki mezani kwake, akasema, "Andika humu, wifi, badala ya kutufokea sisi ukirudi kazini." Mke wa mdogo wangu huyu ana ulimi. Nimeamua kuanza leo kwa sababu mvua imeanza leo, na kwa sababu nina mafua na nguvu za kufoka sina.

Mama kanibandika taulo lake la kijani kichwani. Nakaribia miaka hamsini, mimi ndiye mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, wanawake wazima wananiogopa, lakini Mama akinigusa shingo akakuta joto, basi. Anachota maji kwenye beseni, analikamua taulo, ananiamuru nilale chali. Ni lile lile lililotupoza mimi na mdogo wangu tukiwa watoto. Rangi imebaki kwenye pindo tu.

Machi 5

Mvua. Mafua yameisha. Mama anasema ni taulo.

Machi 8

Siku yangu ya mapumziko, na kupumzika kwenyewe hakuna. Cherehani ya wifi iko sebuleni, karibu na dirisha, na anashona sare za watoto wa shule tangu jua halijachomoza. Pini zake nimezikalia tena. Nikamwambia, "Wifi, siku moja nitapigwa sindano na kiti chako halafu nitakushitaki." Akasema, "Wewe umechoma makalio ya watu miaka ishirini, ngoja na wewe uonje."

Mdogo wangu hashikiki. Yeye ni fundi bomba, na mvua ikinyesha mji mzima unakumbuka kwamba una mifereji. Anarudi nyumbani ananuka, mkewe anamfungulia mlango kwa ncha za vidole, anacheka mpaka anajishika tumbo.

Tumbo lenyewe sasa linaonekana. Miezi minne na kitu. Mimba mbili za kwanza ziliharibika changa, na kati yake ilipita miaka ambayo hakuna mtu humu ndani aliyethubutu kuuliza. Hii imekaa. Wifi anazidisha chumvi kwenye kila kitu, Mama anakula bila kulalamika, anasema tu mtoto atazaliwa ana kiu.

Niseme kweli. Mdogo wangu alipomleta msichana huyu sikumpenda. Nilisema anacheka mno, mtu anayecheka hivyo kuna jambo. Nikarudi hapa nyumbani ndoa yangu ilipovunjika, nikamkuta ndiye mwenye jiko, na mawifi wawili jiko moja unajua mambo yake. Siku moja nilimkuta anapiga pasi sare zangu za kazi. Sikumwomba. Tangu hapo nimekuwa nikimtafutia kosa na sijapata zaidi ya chumvi na pini.

Machi 12

Paa la wodi linavuja pale pale linapovuja kila mwaka. Tumetega ndoo. Wagonjwa wanalala kwa mlio wa matone.

Leo nimegombana na Ngoja-Kwanza. Ndilo jina tulilompa daktari wetu wa wazazi, maana ukimwambia lolote, jibu lake la kwanza ni hilo: "Ngoja kwanza, Sista." Mtu mzuri, mpole, koti lake halina kifungo cha juu. Lakini mwoga. Kuna mama aliletwa anatoka damu, mimba inaharibika mbele ya macho yetu, na yeye anazunguka na simu akimtafuta mwanasheria wa hospitali.

Ni ile karatasi. Mwaka jana sheria ya kutoa mimba ilikazwa, na mwanasheria akatubandikia maelekezo ukutani, juu ya sinki tunaponawia mikono. Ikiwa moyo wa mtoto bado unapiga, hakuna kusafisha kizazi mpaka maisha ya mama yawe hatarini. Hatari nayo imeandikwa ilivyo: kama ni maambukizi, homa ipite thelathini na nane, ipimwe mara mbili, zipite saa nne kati ya kipimo na kipimo. Na madaktari wawili waweke saini, wote wawe wamemwona mgonjwa kwa macho yao. Yeyote atakayekiuka, jela.

Kwa hiyo nanawa mikono kila siku nikisoma jinsi ya kungoja. Yule mama moyo wa mtoto ulisimama wenyewe kabla ya jioni, tukamsafisha, akaondoka mzima. Ngoja-Kwanza akaniambia, "Umeona? Haraka haraka haina baraka." Nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo, Dokta, na wewe ni daktari wa matumbo. Hakucheka.

Machi 15

Mvua mchana kutwa. Mdogo wangu kaanguka mtaroni. Hakuumia, kanuka tu.

Machi 19

Nimechoka lakini lazima niandike.

Asubuhi nilikuwa nafunga viatu, cherehani ikanyamaza. Halafu nikasikia wifi akiita, si kwa kelele, kwa sauti ndogo ya mtu anayeona haya. "Wifi, njoo uone. Nadhani nimejikojolea."

Maji yalikuwa kwenye kiti, yanachuruzika mguu wa kiti mpaka sakafuni. Hayakuwa mkojo. Kazi hii nimeifanya miaka yote, harufu ya maji ya uzazi naijua nikiwa chumba cha pili. Chupa imepasuka. Ule mfuko unaomzunguka mtoto tumboni, unaotakiwa kupasuka siku ya kuzaa, umepasuka miezi minne na ushei kabla ya wakati.

Akanitazama usoni. Nilijitahidi kuuficha, lakini ameishi nami miaka mitatu. Akasema, "Sema tu, wifi." Nikasema twende hospitali kwanza. Nilijisikia nikisema lile neno, kwanza, kama nimeazima kwa Ngoja-Kwanza.

Tumemlaza kitanda cha dirishani, mbali na ndoo. Mama kabaki nyumbani akipangusa sakafu. Nasikia alipangusa mpaka mchana.

Machi 20

Ngoja-Kwanza amezungumza nao leo, wifi na mdogo wangu, mimi nikiwa pembeni. Lazima nikiri alizungumza vizuri. Alivuta kiti, akakaa chini yao, hakusimama kama hakimu. Akawaambia bila maji mtoto huyu hawezi kuota mapafu, na ni mdogo mno kuishi nje. Hata tukingoja hatapona. Na kila siku tunayongoja, mlango uko wazi, vijidudu vinaweza kuingia kwa mama.

Mdogo wangu akauliza, "Sasa mnafanya nini, Dokta?"

"Ingekuwa zamani, ningewaeleza njia mbili mkachagua. Sasa nampa dawa za kuzuia maambukizi, na tunangoja."

"Tunangoja nini?"

Dokta akatazama mikono yake. "Moyo wa mtoto usimame. Au mkeo augue."

Mdogo wangu ni mtu wa mabomba. Kitu kikivuja anakifunga, kikiziba anakizibua. Alirudia yale maneno taratibu, kama anayetaka kuhakikisha amesikia: "Mnangoja augue, ndiyo mumtibu."

Wifi hakulia mbele ya Dokta. Alipoondoka, akanishika mkono, akalia kama mtoto, na mimi nikalia naye. Mtoto huyu alimtaka jamani. Alikwisha kumkatia kofia. Akajifuta, akasema, "Mimi nataka kuishi, wifi. Kama njia ipo, nataka. Nisemee hivyo hivyo, usipambe." Nimekwenda kumsemea hivyo hivyo. Ngoja-Kwanza akasema amesikia, na ameandika kwamba mgonjwa ameomba.

Nikauliza tumhamishie hospitali kubwa ya ng'ambo ya mto. Alikwisha kuwapigia simu. Walimuuliza swali moja tu: moyo unapiga? Wakasema abaki huko huko.

Machi 21

Kila saa tunasikiliza moyo wa mtoto. Ndiyo kazi, hata kama ingekuwa si wifi yangu. Naweka kile kifaa tumboni, na sauti inatoka, mbio mbio, inajaza kona nzima. Mara ya kwanza wifi akatabasamu. Uso wake wote ulifunguka. Kisha akakumbuka tunachokingoja, akageukia ukutani.

Baada ya hapo nimekishusha sauti, nasikiliza peke yangu.

Nampima na joto. Kila nikichomoa kipimajoto kwapani ananiuliza, "Nimeiva au bado?" Nikamwambia aache utani huo. Akasema, "Wifi, nimelala hapa kama maharage jikoni, watu wanakuja wanafunua kifuniko wanaondoka. Niache niulize." Wagonjwa wa vitanda jirani wakacheka. Nikacheka na mimi, Mungu anisamehe.

Jioni: thelathini na saba nukta nane. Bado.

Machi 22

Mvua haijakatika tangu jana. Wanasema mto umefika ukingoni mwa daraja.

Asubuhi, kabla zamu yangu haijaanza, homa ilikuwa thelathini na nane nukta nne. Muuguzi wa asubuhi alinipigia simu nyumbani kuniambia, na tazama kazi hii ilivyonifanya: niliposikia nilishusha pumzi. Kipimo cha kwanza hicho. Bado kimoja, baada ya saa nne. Mama alikuwa amenisimamia akisikiliza. Akachukua kikapu chake akatangulia hospitali. Nikadhani anapeleka uji.

Nilipofika mchana, nilimkuta Ngoja-Kwanza kando ya kitanda, kipimajoto mkononi, uso umelegea. "Sista, homa imeshuka. Thelathini na saba nukta moja."

Mama yuko kwenye kiti. Beseni miguuni. Taulo la kijani liko kwenye paji la uso la wifi, na vitambaa vingine viwili vya maji kwapani na shingoni. Akaniambia kwa fahari, "Nimempoza tangu nimefika. Sijapumzisha mikono. Na vidonge vyangu viwili vya parasetamoli nimempa, nikamwona ametulia."

Dokta alimtazama Mama, akayatazama maji ya beseni, akanitazama mimi. Akasema, "Umemtunza vizuri, Mama." Halafu akatoka.

Nikamfuata mpaka penye sinki.

"Dokta, ile homa haijashuka. Imefunikwa."

"Najua."

"Mapigo yake?"

"Yanakimbia. Nikimgusa tumbo anakunja uso. Maji yameanza kunuka. Yote najua, Sista." Aliinua kidole akaionyesha karatasi ukutani bila kuitazama. "Hii haiulizi ninachojua. Inauliza kipimajoto kilisema nini mara ya pili. Kimesema thelathini na saba."

Hapo nilifoka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliyapokea yote. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: yule daktari aliyekamatwa mwaka jana, ambaye sisi tulisoma habari zake tukaendelea na chai, walisoma darasa moja. Walilala chumba kimoja miaka mitano. Aliwahi, hakungoja homa, mgonjwa akapona, na yeye yuko rumande hadi leo. "Kila nikinawa mikono hapa namwona," akasema. "Mimi nina watoto, Sista. Siyo kwamba sioni."

Kisha akasema polepole, "Tuanze kuhesabu upya saa nne. Lakini mimi ni daktari. Siwezi kumwambia mama wa mtu aache kumpoza mgonjwa." Akaniachia mimi.

Nikarudi. Nimewaambia watu mambo magumu katika wodi hii, nimewapa watu watoto wao waliokufa mikononi. Hili lilinishinda mara mbili kabla halijatoka.

"Mama, toa taulo."

"Limepata joto? Ngoja nibadilishe maji."

"Hapana, Mama. Litoe kabisa. Na vile vitambaa. Na usimpe kidonge tena."

Akanitazama kama nimelewa. Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza, kwa sauti ya chini, habari ya kipimajoto na mara mbili na saa nne. Mama yangu hakusoma sana lakini si mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mpaka homa ipande."

"Mpaka ipande."

"Na ikipanda sana?"

"Ndipo watamtibu."

"Dawa gani hii," Mama akasema, "ya kumwacha mtu aungue?" Akauliza tena, sasa kwa woga, "Kwa hiyo mimi tangu asubuhi nimekuwa namchelewesha?" Nikamwambia hapana, nikilitazama beseni, naye akaelewa.

Wifi alikuwa amefumba macho, tukadhani amelala. Akasema, "Mama, waachie. Wifi, nileteeni na blanketi, niive haraka."

Mama akatoa taulo. Akatoa na vitambaa, kimoja kimoja. Alilikunja lile taulo akaliweka kwenye kiti, akalikalia, na mikono yake akaibana katikati ya magoti. Akakaa hivyo mchana kutwa akimtazama mkamwana wake akipata joto.

Jioni, thelathini na nane nukta sita. Kimoja. Cha pili, saa nne baadaye, thelathini na tisa. Viwili. Dokta akampigia simu daktari wa pili, yuko ng'ambo ya mto. Akasema atakuja alfajiri.

Machi 23

Alfajiri daraja lilikuwa chini ya maji.

Wifi alianza kutetemeka asubuhi, kitanda kizima kinagonga ukuta. Midomo imebadilika rangi. Nikamwita kwa jina, akanijibu kwa kuniita Mama. Mdogo wangu alikuwa amemshika miguu, mtu mzima yule, anarudia tu, "Dada, fanya kitu. Dada, fanya kitu." Kama siku ile nilipomfunga jeraha la goti akiwa mdogo.

Ngoja-Kwanza alikuwa na simu sikioni. Namsikia: "Nakuomba useme kwa simu tu, nitakuandikia mimi." Kimya. "Ndiyo, najua lazima umwone kwa macho." Akakata simu. Akasogea kitandani, akamshika wifi mkono pale penye mapigo, akakaa nao muda. Nilimtazama. Nilijua sasa atasema ngoja kwanza, na nilikuwa nimekwisha kuamua nitafanya nini akisema, na sitaandika hapa ni nini.

Akasema, "Sista, tayarisha chumba cha upasuaji."

"Saini ya pili, Dokta?"

"Iko ng'ambo ya mto." Akavua koti lake lisilo na kifungo akanikabidhi. "Moyo wa mtoto ukoje?"

Nilikuwa nimeusikiliza dakika ile ile. Ningeweza kudanganya, na nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kudanganya. Lakini yeye alikuwa anaweka shingo yake, na sikuona haki aiweke gizani. "Unapiga, Dokta. Dhaifu, lakini unapiga."

"Nimesikia," akasema. "Andika kwamba nimesikia. Andika jina langu peke yangu, wewe usiwemo." Kisha akageuka kwa mdogo wangu, akamwambia, "Mpishe, ndugu yangu, tumpeleke."

Niliingia naye. Nilimshikia taa ilipobidi na nikamwekea wifi damu ilipobidi. Hakusema ngoja hata mara moja.

Mtoto alikuwa wa kike. Nimemfunga kwenye ile kofia aliyokatiwa, ilimtosha mwili mzima.

Machi 24

Yu hai. Yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Maambukizi yameingia kwenye damu.

Machi 25

Yu hai. Mvua.

Machi 27

Yu hai. Nimekunywa chai.

Machi 29

Kafumbua macho. Nimempima joto, nikachomoa kipimajoto, akasogeza midomo. Nikainama. Akasema, "Nimeiva?"

Nikamwambia, "Umeepuliwa, mke wetu. Umeepuliwa siku nyingi."

Nikatoka nikaenda kulia penye sinki. Ngoja-Kwanza alikuwa hapo ananawa mikono. Akanipisha bombani. Amepungua mwili mtu yule.

Aprili 2

Wamemzuia Dokta kuingia chumba cha upasuaji mpaka kamati ya nidhamu ikae. Wameniuliza na mimi. Nikasema nilichokiona. Nikaongeza kidogo ambacho hawakuniuliza, mganga mkuu akaniambia Sista, inatosha.

Aprili 9

Wifi karudi nyumbani. Mdogo wangu alimbeba kutoka langoni ili asikanyage matope, akateleza, ikabidi mimi niwabebe wote wawili. Mama alikuwa mlangoni. Walishikana hapo, mkwe na mkamwana, hata kiti hakuna aliyemwonyesha mwenzake.

Kizazi kimebaki lakini kimeumia. Atazaa tena au hatazaa, hilo hakuna anayelijua. Wifi aliuliza mwenyewe, na nilimjibu mwenyewe, bila kupamba.

Nimeona jambo. Taulo la kijani liko juu ya kabati, nyuma kabisa, limekunjwa. Mama hajalishika tangu siku ile. Juzi mdogo wangu alipata homa ya mvua, Mama akampa maji ya kunywa akaondoka chumbani haraka.

Aprili 14

Mgeni. Ngoja-Kwanza, na mwavuli uliovunjika mbavu moja. Alikuja kumwona mgonjwa wake, akasimama sebuleni kama mkwe siku ya posa. Mama akamwambia karibu ukae, akakaa, akaruka juu. Pini. Wifi alicheka. Tangu Machi sikuwa nimekisikia kicheko kile, na nilipokisikia nilijua kwamba siku ya kwanza nilikosea: lililokuwepo nyuma yake ni roho nzuri tu.

Kamati inakaa mwezi ujao. Akasema hivyo kwa wepesi, akizungusha kikombe. Wifi alikuwa anamtazama kifua. Akasema, "Dokta, utakwenda mbele ya kamati na koti hilo?" Akainuka taratibu, akatafuta kifungo kwenye kopo lake, akakishona pale pale koti likiwa mwilini, Dokta kainua kidevu haonekani hata kupumua. Alipokata uzi kwa meno, akamwambia, "Sasa nenda. Wakuone umefungwa vizuri."

Dokta akakipapasa kifungo kipya. Mama akamwekea chai tena.

Wodini bado wanamwita Ngoja-Kwanza. Mimi nimeacha.

Aprili 21

Matone yamepungua. Ndoo mbili tumezitoa.

Aprili 30

Wifi amekaa kwenye cherehani leo. Hakushona, amekaa tu, mguu kwenye kikanyagio. Nikamkuta amezishika chenga za kitambaa cha ile kofia. Nikavuta kiti nikakaa naye. Tulikaa mpaka mdogo wangu akarudi, tukamwambia akaoge.

Mei 9

Kamati imetoa uamuzi. Onyo kali, na hatapandishwa cheo. Kosa lake ni saini moja badala ya mbili. Mganga mkuu alituambia tushukuru, ingeweza kuwa mahakama. Nimeshukuru. Kisha nimekwenda kunawa mikono, nikakuta karatasi mpya juu ya sinki. Sasa zinatakiwa saini tatu.

Dokta aliisoma begani mwangu. Akasema, "Mvua zimeisha, Sista. Angalau watakuwa wanafika." Nikamtazama kama anatania. Alikuwa anatania, na hakuwa anatania.

Leo wamemlaza mama mwingine kitanda cha dirishani. Chupa imepasuka. Hana homa. Mama mkwe wake kakaa pembeni na beseni.

Mei 12

Leo jua limetoka, tumeanika magodoro.

Mchana wifi alisema kichwa kinamuuma. Nikamgusa: joto. Mafua ya kawaida, haya haya yanayotuzungukia kila msimu ukiisha, pua inachuruzika na macho mekundu. Nikamwambia akalale, akalala. Nikawa naanua nguo uani.

Niliporudi ndani nilimkuta Mama mlangoni mwa chumba chao. Beseni la maji liko sakafuni. Kashika taulo la kijani kwa mikono miwili, kavu, bado lina mikunjo ya kabatini. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Mama yangu, ambaye hajawahi kumwomba mtu ruhusa ndani ya nyumba hii, alinigeukia akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, nimpoze? Au wanahitaji homa yake?"

Nilimwambia, "Mpoze, Mama. Hakuna anayeihitaji. Mpoze tu."

Akainama akalichovya taulo. Kulikamua kukamshinda. Nikashika upande mmoja, yeye upande mwingine, tukalikamua pamoja.